Chapa ya Gilda Mia ya Rembrandt: nani amesimama, nani anakuja

Chapa inayojulikana kwa jina la Gilda Mia, picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba lililochorwa na Mholanzi Rembrandt, ina upana wa sentimita 39 hivi na kimo cha sentimita 28, yaani ni ndogo kidogo kuliko karatasi ya A3. Humo Rembrandt amebananisha watu wanaokaribia 40, pamoja na mbwa, punda, ngamia, ukuta, lango na toroli la kubebea mgonjwa. Yesu amesimama karibu na katikati. Kushoto kwa mtazamaji kuna watu waliochorwa kwa mistari michache, weupe karibu kama karatasi yenyewe. Kulia kuna giza zito, na humo wanatokea viwete, vipofu na waliolala chini. Haina sahihi wala tarehe. Wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 1648, Rembrandt akiwa Amsterdam na umri wake umepita miaka 40.

Anayeitazama mara ya kwanza huwa na tafsiri mfukoni tayari: mwanga ni wema, giza ni uovu, na Yesu yuko katikati akiamua. Tafsiri hiyo inakwama mara tu ukianza kutambua nani ni nani. Walio mwangani, juu kushoto, ni Mafarisayo waliokuja kumtega. Walio gizani ni wagonjwa waliokuja kuponywa. Kama mwanga ungekuwa alama ya wema, Rembrandt angekuwa ameigawa picha kinyumenyume. Uchambuzi huu unashikilia jambo moja: katika chapa hii mgogoro hausomwi kwa mwanga na giza bali kwa mwendo. Waliopewa mwanga wamesimama, na walio gizani wanakuja.

Kabla ya maana, lazima kujua unatazama karatasi gani. Bamba la shaba lilichapishwa katika hatua mbili zinazohesabiwa kuwa za Rembrandt. Nakala za hatua ya kwanza ni chache sana. Tofauti yake na hatua ya pili ni ndogo mno: kwenye shingo ya punda aliye ukingoni kulia iliongezwa mistari ya mshazari ili kuitia kivuli. Baadhi ya nakala zilichapwa kwenye karatasi ya Kijapani, ambayo ina rangi ya joto na hunywa wino kwa ulaini, hivyo giza lake ni kama mahameli. Nyingine zimo kwenye karatasi nyeupe ya Ulaya, na huko mistari ya kushoto inakuwa mikavu na mikali zaidi. Halafu ziko nakala za baadaye kabisa. Mwaka 1775 Kapteni William Baillie, mwanajeshi aliyependa uchoraji wa shaba, alilipata bamba likiwa limechakaa, akalichora upya mahali palipofifia na kuchapa nakala zipatazo 100. Picha nyingi zinazozunguka mtandaoni hazisemi zimetoka kwenye nakala ipi. Ukisoma kivuli cha Baillie ukidhani ni cha Rembrandt, kila unachosema kuhusu giza la kulia kitakuwa kimejengwa juu ya mkono wa mtu mwingine.

Mbinu nazo zinahitaji kutenganishwa, kwa sababu zimetumika tatu kwenye bamba moja na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni asidi. Bamba hupakwa tabaka la nta na utomvu, mchoraji hukwaruza tabaka hilo kwa sindano hadi shaba ionekane, kisha asidi hula mahali palipofunuliwa. Mstari wa namna hii ni huru, unaenda kama kalamu, na ncha zake ni butu. Sehemu kubwa ya upande wa kushoto ni hiyo. Ya pili ni sindano kavu: shaba yenyewe inakwaruzwa bila asidi, na pembeni mwa mkwaruzo huinuka tuta dogo la shaba linaloshika wino na kutoa mstari wenye manyoya. Tuta hilo huvunjika upesi chini ya uzito wa mashine, na baada ya nakala chache tu giza lake huanza kupungua. Ya tatu ni burini, patasi nyembamba inayochimba shaba na kutoa mstari safi unaoanza mwembamba, ukanenepa, ukamalizika mwembamba. Giza la kulia ni mchanganyiko wa zote, tabaka juu ya tabaka. Ukitumia lenzi ya kukuza mara 8 au 10, utaona kwamba hata mahali panapoonekana peusi tititi, mistari bado inapishana na kuacha vitundu vya karatasi. Ndiyo maana giza lake lina kina. Watu wamo ndani yake, hawajafunikwa nalo.

Hapo ndipo linapozuka swali la kama upande wa kushoto haukukamilika. Wengine wamesema hivyo, kwamba Rembrandt alichoka au alikusudia kurudi. Jibu lipo kwenye karatasi. Alipolirudia bamba, hakugusa upande wa kushoto. Alitia kivuli shingo ya punda. Mtu anayeona kasoro ndogo kama hiyo kwenye ukingo wa picha hawezi kuwa amesahau theluthi nzima. Wepesi wa kushoto ulikubaliwa naye, na kinachobaki ni kuuliza unafanya kazi gani.

Andiko linalobeba picha ni Mathayo sura ya 19, na si aya moja tu. Sura hiyo ina matukio yanayofuatana: makutano wanamfuata Yesu ng'ambo ya Yordani naye anawaponya, Mafarisayo wanamjaribu kwa swali la talaka, watoto wanaletwa na wanafunzi wanawakemea waliowaleta, kijana tajiri anauliza afanye nini apate uzima wa milele, kisha anaondoka kwa huzuni kwa kuwa alikuwa na mali nyingi, halafu maneno ya ngamia na tundu la sindano. Rembrandt ameyaweka yote kwa wakati mmoja mahali pamoja. Hili si dhana ya wasomaji wa leo. Mshairi wa Amsterdam wa zama hizohizo, Hendrik Frederik Waterloos, aliandika mashairi kwa mkono kwenye nakala iliyoko sasa Paris, na mashairi hayo yanapita kwenye matukio mbalimbali ya sura hiyo. Yaani hata mtu wa wakati ule aliisoma kama sura nzima.

Msomaji aliyeizoea Biblia ana faida hapa, lakini pia ana mtego. Akishatambua "hawa ni Mafarisayo, huyu ni Petro, yule ni kijana tajiri", hudhani kazi imekwisha, kumbe amepata majina tu. Mgogoro unaanza pale unapofuata mikono na macho.

Anza na Petro, kwa sababu yeye ndiye ugomvi ulio karibu zaidi na Yesu. Mama mmoja anasogea kutoka kushoto akiwa amebeba mtoto mchanga. Petro, mwanafunzi mwenyewe, anataka kumzuia. Mkono wa Yesu unanyooshwa kuelekea kwa mama, na kwa tendo hilohilo unamkatisha Petro. Hakuna anayepiga kelele wala uso uliokunjamana kwa hasira. Mgogoro mzima umewekwa katika nafasi ya upana wa vidole vichache, kati ya mkono unaozuia na mkono unaokaribisha. Mbele kidogo kuna mama wa pili, na huyu anavutwa na mtoto wake mwenye kutembea. Rembrandt angeweza kumchora mama akimwongoza mtoto, kama kawaida. Amegeuza: mtoto ndiye anayejua njia. Maneno ya Yesu kwamba watoto waachwe waje, wala wasizuiwe, yamechorwa kama mguu mdogo unaotangulia.

Kati ya mama hao wawili ameketi kijana tajiri. Mavazi yake ni mazuri, na mkono umeshika kidevu au mdomo, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. Mahali alipowekwa panastahili kutazamwa kwa muda. Yuko upande wa mwanga, karibu na Yesu kuliko karibu kila mgonjwa, na watu wanapita pande zake zote mbili. Hatua chache tu zingemfikisha. Lakini amekaa. Andiko linasema aliondoka kwa huzuni. Rembrandt amemkamata kabla ya kuondoka, wakati jibu bado halijatoka kinywani mwake. Kwa hiyo mgogoro wake hauna mpinzani. Hakuna anayemzuia isipokuwa yeye. Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu mgumu kuliko wote katika picha, na ndiye anayepitwa upesi zaidi, kwa sababu kimo chake ni kidogo na hana tendo la kuvutia jicho.

Mafarisayo wako nyuma yao, juu kushoto. Swali la talaka haliwezi kuchorwa. Hakuna kitu cha kuonyesha. Alichofanya Rembrandt ni kuwachora waulizaji wakiwa wameshaliuliza swali, na sasa wanashauriana. Wengi wao wanatazamana wao kwa wao, si yeye waliyekuja kumsikia. Nyuso zao hazikuchorwa za kutisha, na hilo ni muhimu: wachoraji wengi wa Ulaya waliwachora maadui wa Yesu kwa pua na midomo iliyopotoshwa. Hapa ni wazee wa mjini, wenye akili, baadhi wakifurahia mjadala. Rembrandt aliishi Jodenbreestraat, mtaa wenye wakazi wengi Wayahudi, na alikuwa na nafasi ya kuwaona wazee wa namna hiyo kila siku. Mstari mwembamba wa asidi unawafaa kwa sababu wao ni maneno matupu hewani. Hawana uzito wa kivuli.

Mbele yao, karibu kabisa na mtazamaji, kuna mtu mnene aliyetugeuzia mgongo, amevaa kofia pana, mikono nyuma ameshika fimbo. Hana aya. Watu wamemtafutia jina, na sioni haja. Kazi yake inaonekana kwa mkao: anatazama kama mtu aliyepita njiani akaona umati. Anasimama mahali ambapo mtazamaji naye angesimama, na hilo halitufurahishi sana, kwa sababu yeye hasogei.

Sasa vuka upande wa kulia. Kila kitu kinageuka. Chini ya miguu ya Yesu amelala mwanamke juu ya mkeka, mkono wake umeinuka kwa udhaifu. Kundi hili lilifanyiwa kazi kwa kurudiarudia. Michoro ya maandalizi inayomhusu mgonjwa huyu na walio karibu naye bado ipo, mmojawapo Berlin. Kando yake yuko aliyepiga magoti na kuunganisha mikono. Nyuma wanakuja mzee anayeongozwa na mwanamke na, kwenye ukingo wa chini, mtu aliyeletwa kwa toroli la gurudumu moja, miguu ikining'inia. Wote wameinama, wanatambaa, wanabebwa au wanashikiliwa. Hakuna anayeweza kusimama wima peke yake, na bado msafara mzima unasogea kuelekea katikati. Mstari wa vichwa vyao unapanda taratibu kutoka ukingo wa chini kulia hadi kwa Yesu. Upande wa pili vichwa vya Mafarisayo viko karibu sawasawa, kama watu waliojipanga nyuma ya meza.

Kivuli kimoja kinahitaji jicho la karibu. Mikono ya yule aliyepiga magoti inaangusha kivuli chake juu ya joho la Yesu. Kichwa cha Yesu nacho kinatoa miale. Yaani yeye ni chanzo cha mwanga na pia ni mtu wa kawaida anayepigwa na mwanga wa nje, na juu ya nguo yake maombi ya mgonjwa yameandikwa kwa kivuli. Ukifuata kanuni za fizikia, mianga hii miwili haipatani. Wachambuzi wengine huona hapo uzembe. Lakini kivuli hicho kimechorwa kwa uangalifu mno kuwa ajali, na hakuna mtu wa upande wa kushoto aliyemgusa Yesu kwa namna yoyote, hata kwa kivuli. Mgonjwa amemfikia kabla ya kuguswa.

Baada ya watu ndipo vije vitu na wanyama. Hapa wasomaji wengi huanza na orodha: mbwa maana yake uaminifu, au najisi, punda unyenyekevu, ngamia mali. Orodha za namna hiyo hupatia mara nyingine, ila haziwezi kukuambia lini zimekosea. Ni salama zaidi kukipima kila kitu kwa maswali matatu. Je, kimo kwenye andiko? Je, mchoraji amekipa mahali pa pekee, kwa mwanga, lango, ukingo au njia ya macho? Na ukikifunika kwa kidole, kuna maana inayopotea au ni pengo tu linabaki?

Ngamia anapita maswali yote. Yumo katika sura. Amewekwa ndani ya lango lenye tao, kulia, nyuma ya umati. Ukimfunika, kijana tajiri anabaki na huzuni isiyo na jibu, kwa sababu ngamia ndiye anayekamilisha hadithi yake kutoka upande wa pili wa picha. Umbali huo ni wa makusudi: swali limeketi mwangani kushoto, na jibu linaingia gizani kulia pamoja na wagonjwa. Tahadhari moja. Wengi hueleza kwamba Yerusalemu kulikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, na kwamba ngamia alipita akipiga magoti. Hakuna ushahidi wa kiakiolojia wa lango hilo, na maelezo hayo yaliibuka karne nyingi baada ya Injili kuandikwa. Ngamia wa Rembrandt, kwa vyovyote, hapigi magoti. Lango linamtosha. Sitajenga theolojia juu ya hilo; inatosha kusema kwamba msemo wa kutowezekana umechorwa kama mnyama anayepita.

Mbwa aliye mbele upande wa kushoto anashindwa swali la kwanza na la tatu. Rembrandt aliwachora mbwa katika kazi nyingi za maandiko, na kazi yao ya kawaida ni kuonyesha kwamba mambo makubwa yanatokea mahali ambapo maisha yanaendelea. Kumpa uzito zaidi ni kumbebesha mzigo usio wake.

Punda ni somo zuri zaidi, kwa sababu ndiye mnyama pekee tunayejua kwamba mchoraji alimrudia. Mwenye kutafuta alama angefurahi: mabadiliko pekee kati ya hatua mbili yamo kwenye shingo ya punda! Tazama lakini mahali alipo. Yuko ukingoni, karibu na giza zito zaidi. Shingo nyeupe pale ingevuta jicho nje ya picha, mbali na lango na mbali na wanaokuja. Mistari ya mshazari inaizima. Kwa uwezekano mkubwa ni marekebisho ya toni, hayana tafsiri. Si kila alama ya mkono wa mchoraji ni alama ya maana, na anayechambua picha iliyojaa hivi asipokubali hilo atazama.

Toroli halimo katika andiko, lakini linapita swali la tatu. Ukilifunika, mgonjwa wa mbele anakuwa mtu aliyelala tu. Likiwepo, unajua kwamba kuna mtu aliyesukuma, na kwamba safari haikuwa fupi. Ni chombo cha Uholanzi ya karne ya 17 kilichoingizwa Yudea bila kuomba radhi.

Jina la chapa nalo limeleta tafsiri ya pembeni. Barua ya mwaka 1654 kutoka Antwerp inataja kwamba nakala ilikuwa imeuzwa kwa gilda 100 (fedha ya zamani ya Uholanzi) na hata zaidi, kiasi ambacho fundi wa kawaida alikipata kwa kazi ya miezi kadhaa. Simulizi nyingine inasema Rembrandt mwenyewe aliibadilisha nakala kwa chapa ya mchoraji Mwitaliano Marcantonio Raimondi. Ni kejeli tamu kwamba picha yenye kijana aliyeshindwa kuacha mali inajulikana kwa bei yake, lakini kejeli hiyo ni ya soko. Rembrandt hakuiita hivyo, na jina hilo lisitumike kama ushahidi wa alichokusudia.

Baillie, baada ya kuchapa nakala zake, alilikata bamba vipande 4 na kuchapa kila kipande peke yake. Kwa mchambuzi, uharibifu huo ni jaribio linaloweza kurudiwa bila kuharibu chochote. Chukua nakala ya picha yenye ubora, iliyochapwa kwa ukubwa wake halisi, na karatasi nyeupe mbili. Funika nusu ya kulia: wanabaki wazee wanaojadiliana, kijana anayewaza, mama mwenye mtoto, na Yesu anakuwa mwalimu mmojawapo katika kikao. Funika nusu ya kushoto: inabaki picha ya muujiza, nzuri na ya kawaida, ya aina ambayo wachoraji wengi wamechora. Sasa acha pande zote mbili wazi na ufunike Yesu peke yake, kwa kipande chenye upana wa sentimita 5 hivi. Mama bado anapanda, mtoto bado anavuta, wagonjwa bado wanaelekea mahali palepale. Mafarisayo hawabadiliki hata kidogo. Wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna aliyeondoka.